Faili ghafi za picha: Kamera mpya inapokataliwa na programu ya zamani

Na Mwandishi Wetu

MPIGA picha wa harusi anapokwenda dukani kununua kamera mpya, jambo la kwanza analoliangalia ni lenzi, na la pili ni bei. Ni wachache wanaojiuliza iwapo programu iliyomo katika kompyuta zao itaweza kuzisoma picha zitakazotoka katika kamera hiyo. Swali hilo huja Jumapili usiku, wakati sherehe imekwisha, maharusi wameshaondoka, na kompyuta inatoa maandishi mafupi kwamba faili haitambuliki.

Picha zimo ndani ya kadi, tena kamera ikiwashwa zinaonekana vizuri kwenye kioo chake. Hazijaharibika. Kilichokosekana ni maelewano kati ya vyombo viwili, yaani kamera iliyoandika faili na programu inayotakiwa kuisoma.

Tatizo hilo huwapata zaidi wale wanaopiga picha kwa kutumia faili ghafi, zile ambazo kwenye menyu ya kamera huandikwa RAW. Makala haya yanaeleza faili hizo ni nini, kwa nini kila kampuni ina za kwake, na hatua anazopaswa kuchukua mwenye picha ili kazi yake isifungiwe nje.

Faili ghafi ni nini?

Ndani ya kila kamera ya dijitali kuna kihisi, kibapa chenye mamilioni ya vitundu vidogo vya kupokea mwanga viitwavyo pikseli. Pikseli yenyewe haijui rangi. Hupima wingi wa mwanga tu. Ili rangi ipatikane, kila pikseli hufunikwa kwa kichujio chekundu, cha kijani au cha bluu. Mpangilio unaotumika katika kamera nyingi ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Katika kila pikseli nne, mbili huwa za kijani, moja nyekundu na moja ya bluu.

Kwa hiyo, kinachotoka kwenye kihisi bado si picha ya kutazamwa. Ni orodha ndefu ya vipimo, ambapo kila pikseli inazo habari za rangi moja na zile nyingine mbili lazima zikokotolewe kutokana na jirani zake. Mpiga picha akichagua JPEG, kamera hufanya kazi hiyo yote yenyewe kwa muda mfupi sana. Hukokotoa rangi, hurekebisha mwanga, huongeza ukali wa mistari, hubana faili, kisha hutupa vipimo ambavyo haikuvihitaji.

Akichagua faili ghafi, kamera huhifadhi vipimo vya kihisi karibu kama vilivyo na kuiachia kompyuta kazi iliyobaki. Waliowahi kupeleka mkanda wa filamu studio kusafishwa wataelewa haraka. JPEG ni picha iliyokwisha kusafishwa, na faili ghafi ni negativu ambayo bado haijaingia katika chumba cha giza.

Faida yake inaonekana katika hesabu. JPEG ya kawaida hutumia biti 8, sawa na ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya kamera nyingi hutumia biti 12 au 14, sawa na ngazi 4,096 au 16,384. Shela jeupe la bibi harusi na suti nyeusi ya bwana harusi vikipigwa picha moja kwenye jua la saa sita mchana, ngazi hizo za ziada ndizo zinazomwezesha mhariri kurudisha mikunjo ya kitambaa ambayo katika JPEG ingekuwa doa jeupe au kiza kitupu.

Gharama yake ni nafasi. Kamera ya pikseli milioni 24 inayotumia biti 14 hutoa takriban megabaiti 42 za vipimo kwa kila picha kabla ya kubanwa. Gharama nyingine, isiyotajwa kwenye boksi la kamera, ni kwamba lazima ipatikane programu inayoijua lugha ya faili hiyo.

Kila kampuni na lugha yake

Kwa upande wa JPEG, kampuni zote zinafuata kanuni moja, na ndiyo maana picha hiyo hufunguka katika simu, kompyuta na hata televisheni. Kwa upande wa faili ghafi, kila kampuni ilijitungia utaratibu wake.

Canon ilianza na faili zenye herufi CRW, ikahamia CR2 mwaka 2004, kisha CR3 mwaka 2018 ilipotoa kamera ya EOS M50. Nikon inatumia NEF, Sony ARW, Fujifilm RAF, Olympus ORF na Panasonic RW2. Pentax ina PEF, ingawa kamera zake nyingi humpa mpiga picha hiari ya kutumia DNG, aina ambayo tutaieleza baadaye.

Ikumbukwe kuwa herufi hizo ni jina la nje tu. Faili ya NEF kutoka kamera ya Nikon D1 ya mwaka 1999 na ile ya Nikon Z 9 iliyotangazwa mwaka 2021 zinaitwa kwa jina moja, lakini programu iliyoijua ya kwanza haikuweza kwa sababu hiyo pekee kuielewa ya pili. Ni sawa na watu wawili wa ukoo mmoja, mmoja akizungumza Kiswahili na mwingine Kijapani.

Sababu ni kwamba programu hailazimiki kujua tu jinsi vipimo vilivyopangwa na kubanwa. Lazima ijue pia ni kipimo gani kinachohesabiwa kuwa weusi kamili katika kamera hiyo, wapi mwanga unafika ukomo, na jinsi vichujio vya kihisi hicho vinavyoziona rangi. Habari hizo hutofautiana kati ya aina moja ya kamera na nyingine, hata zikiwa za kampuni moja.

Wakati mwingine tofauti huanzia kwenye kihisi chenyewe. Mwaka 2012 Fujifilm ilitoa kamera ya X-Pro1 yenye kihisi cha X-Trans, ambacho kiliacha mpangilio wa Bayer na kutumia mpangilio wa pikseli sita kwa sita. Watengenezaji wa programu walilazimika kuandika upya hatua ya kukokotoa rangi, na katika miaka ya mwanzo wapiga picha wengi walilalamikia namna majani na nyasi zilivyoonekana katika baadhi ya programu.

Kampuni nyingi za kamera hazichapishi maelezo kamili ya faili zao. Matokeo yake, watu wanaoandika programu huru hulazimika kutafuta kamera, kupiga picha za majaribio na kuichambua faili namba kwa namba hadi wagundue jinsi ilivyopangwa. Mmarekani Dave Coffin alianza kazi hiyo mwaka 1997 kwa programu yake ya dcraw, ambayo aliigawa bure. Toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2018, lakini programu nyingi zimejengwa juu ya kazi hiyo, hasa kupitia mradi wa LibRaw uliotokana nayo.

Uchambuzi wa namna hiyo huchukua muda. Faili za CR3 za Canon zilipotokea mwaka 2018, LibRaw ilizipokea katika toleo lake la mwaka 2020, na programu ya bure ya darktable ikaanza kuzifungua mwishoni mwa mwaka 2021. Mwenye EOS M50 aliyeitegemea darktable pekee alisubiri zaidi ya miaka mitatu.

Mgogoro wa mwaka 2005

Suala hili lilifika kwenye vichwa vya habari duniani mwaka 2005, baada ya Nikon kuingiza sokoni kamera yake ya D2X iliyolengwa kwa wapiga picha wa kulipwa.

Thomas Knoll, aliyeanzisha Photoshop pamoja na ndugu yake John na ambaye pia ndiye mwandishi wa programu ya Camera Raw ya kampuni ya Adobe, alieleza hadharani kuwa katika faili za kamera hiyo Nikon ilikuwa imeficha kwa msimbo wa siri habari zinazoonyesha aina ya mwanga uliopigiwa picha. Habari hizo ndizo zinazoiambia kompyuta kama picha ilipigwa kwenye jua, kivulini au chini ya taa, ili nyeupe ibaki nyeupe.

Kufungua msimbo huo hakukuwa jambo gumu kwa wataalamu. Kikwazo kilikuwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998, inayokataza kuvunja kufuli za kidijitali. Adobe ilihofia kushitakiwa. Nikon kwa upande wake ilijibu kuwa lengo lake lilikuwa kulinda ubora wa picha, na kwamba inatoa zana kwa watengenezaji wa programu wanaoziomba na kukubaliwa. Wakati kampuni hizo zikijibizana, Coffin aliufungua msimbo huo na kuiweka njia yake wazi.

Wapiga picha wengi waliona kuwa suala halikuwa rangi tena, bali umiliki. Ikiwa mtu amenunua kamera kwa fedha yake na kupiga picha kwa jasho lake, iweje aliyemuuzia kamera ndiye aamue picha hiyo isomwe kwa programu gani? Mwaka huohuo ulianzishwa mwito uliojulikana kama OpenRAW, ukizitaka kampuni za kamera zichapishe maelezo kamili ya faili zao. Kampuni kubwa hazikuuitikia.

Jaribio la lugha moja

Miezi michache kabla ya mgogoro huo, Septemba 2004, Adobe ilikuwa imetangaza aina ya faili iitwayo DNG, ikikusudiwa iwe negativu ya pamoja kwa kamera zote. Maelezo yake yako wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuyatumia bila kulipia. Aidha, Adobe hutoa bure programu ya DNG Converter, inayogeuza faili za kampuni mbalimbali kuwa DNG.

Ubora wa DNG ni kwamba hubeba ndani yake maelezo ya kihisi na rangi za kamera husika. Programu inayoijua DNG kwa kawaida inaweza kuifungua picha hata kama haijawahi kusikia jina la kamera iliyoipiga.

Leica, Pentax na Ricoh ziliikubali. Canon, Nikon na Sony zimeendelea na faili zao katika kamera zao za picha. Jambo la kushangaza ni kwamba DNG imepata makao makubwa zaidi katika simu. Android iliipokea katika toleo la 5.0 mwaka 2014, na Apple inaitumia katika mfumo wake wa ProRAW, ulioanza Desemba 2020 kwa simu za iPhone 12 Pro. Hivyo, kijana mwenye simu anaweza kuwa na faili iliyo wazi zaidi kuliko ya jirani yake mwenye kamera ya mamilioni ya shilingi.

Hata hivyo, DNG si dawa ya kila kitu. Ugeuzaji unaweza kuacha baadhi ya maelezo ambayo kampuni ya kamera huyaandika kwa ajili ya programu yake yenyewe, na programu za baadhi ya kampuni hizo, ikiwamo ile ya Canon, haziifungui DNG. DNG nayo ina matoleo. Toleo la 1.7 la mwaka 2023 liliruhusu njia mpya ya kubana picha iitwayo JPEG XL, ambayo programu za miaka ya nyuma haziielewi.

Programu nazo huzeeka

Wapo wapiga picha wanaoendelea kutumia programu walizozinunua au kuwekewa miaka mingi iliyopita, kwa kuwa zinatosheleza na hazidai malipo ya kila mwezi. Ni uamuzi unaoeleweka, lakini una mpaka wake.

Photoshop CS6 ilitoka mwaka 2012, na Adobe iliacha kuiongezea kamera mpya mwaka 2015. Lightroom 6, toleo la mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja, ilitoka mwaka 2015 na kupata nyongeza yake ya mwisho Desemba 2017. Programu hizo bado zinaweza kufanya kazi katika kompyuta zilizomo, lakini kamera zilizotengenezwa baada ya tarehe hizo hazizijui.

Mfano mchungu zaidi ni wa Aperture, programu ya Apple iliyotangazwa mwaka 2005. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilitangaza kuacha kuiendeleza, na mfumo wa kompyuta za Mac wa mwaka 2019, uitwao Catalina, haukuikubali tena. Faili ghafi za watumiaji wake zilibaki salama, lakini marekebisho waliyoyafanya hayakuweza kuhamia kikamilifu kwenye programu nyingine.

Kampuni za kamera nazo huondoka sokoni. Konica Minolta iliacha biashara ya kamera mwaka 2006, na Kodak ikatangaza kuacha kutengeneza kamera za dijitali mwaka 2012. Picha walizopiga wateja wao zingali zipo, na sehemu kubwa ya faili hizo zinaendelea kusomeka kwa sababu kuna watu wasiohusiana na kampuni hizo waliozichambua mapema na kuigawa elimu hiyo.

Faili ghafi kama ushahidi

Kwa wapiga picha za habari, kuna sababu nyingine ya kuhakikisha faili hizi zinafunguka. Faili ghafi ni vigumu kuichezea bila kuacha alama, hivyo hutumika kuthibitisha kuwa picha haikuongezwa wala kupunguzwa kitu.

Mashindano ya World Press Photo huwataka waliofika hatua za mwisho kuwasilisha faili za awali ili zilinganishwe na picha zilizoshindanishwa. Mwaka 2015, asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho ziliondolewa kutokana na marekebisho yasiyoruhusiwa. Novemba mwaka huohuo, shirika la habari la Reuters liliwaagiza wapiga picha wake wa kujitegemea kutotuma picha zilizotengenezwa kutoka faili ghafi, bali JPEG zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, likitaja uharaka na uaminifu wa picha.

Maamuzi hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini yanakubaliana katika jambo moja, kwamba faili ya awali ina uzito. Anayeshindwa kuifungua faili yake siku anapotakiwa kuionyesha ni sawa na shahidi aliyepoteza sauti.

Hatua za kuchukua

Kwanza, kabla ya kununua kamera, tafuta orodha ya kamera zinazotambuliwa na programu yako, na ulinganishe jina kamili la kamera. Wanaonunua kamera zilizotumika kutoka nje wawe waangalifu zaidi, kwani kamera moja huweza kuwa na majina tofauti. Canon EOS 200D, mathalani, inaitwa Rebel SL2 nchini Marekani na Kiss X9 nchini Japani.

Pili, katika siku za mwanzo za kamera mpya, weka mpangilio wa kuhifadhi faili ghafi na JPEG kwa pamoja. Kadi itajaa upesi, lakini mteja hatakosa picha zake.

Tatu, programu ikikataa kufungua, usifute kadi. Angalia kama kuna toleo jipya la programu hiyo. Kama halipo, tumia programu ya bure ya kampuni iliyotengeneza kamera. Canon inayo Digital Photo Professional, Nikon inayo NX Studio na Sony inayo Imaging Edge Desktop. Fungua picha humo, kisha uitoe kama TIFF ya biti 16, ambayo hata Photoshop ya zamani huipokea bila kupoteza ngazi nyingi za mwanga.

Njia nyingine ni DNG Converter. Katika mipangilio yake kuna sehemu ya kuchagua DNG ifunguke katika programu za kuanzia toleo gani. Mwenye programu kongwe achague toleo la zamani. Zipo pia darktable na RawTherapee, ambazo ni za bure. Programu hizi zote ni vema zipakuliwe mapema, palipo na mtandao mzuri, kuliko kumaliza bando usiku wa kazi.

Nne, usibadilishe herufi za mwisho wa jina la faili ukitarajia ifunguke. Kuiita CR3 kwa jina la CR2 ni kubandika lebo ya sukari kwenye gunia la chumvi.

Tano, usidanganywe na picha ndogo inayoonekana kwenye kabrasha la kompyuta. Faili ghafi nyingi hubeba ndani yake JPEG iliyotengenezwa na kamera, na hiyo ndiyo inayoonekana hata pale programu inaposhindwa kuzisoma habari zenyewe. JPEG hiyo inaweza kutolewa kwa programu ya bure ya ExifTool, na huwa msaada mkubwa kwa mwandishi ambaye gazeti linakaribia kwenda mitamboni.

Sita, kwa picha za kuhifadhiwa muda mrefu, tunza faili ghafi ya awali hata kama umeigeuza kuwa DNG. Kwa zile picha muhimu, hifadhi pembeni yake nakala iliyokamilika ya TIFF au JPEG ya ubora wa juu. Marekebisho ya programu moja kwa kawaida hayasomeki yote katika nyingine, na nakala iliyokamilika ndiyo pekee itakayoonyesha picha kama ulivyoikusudia.

Mwisho, angalau mara moja kwa mwaka, na kila unapobadilisha kompyuta, fungua faili chache za zamani uone kama bado zinasomeka. Wahenga walisema akiba haiozi, na kweli faili ghafi haiozi. Lakini akiba iliyofungiwa kwenye sanduku ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine ni akiba ya mashaka, na wakati wa kutafuta ufunguo wa pili ni sasa, wakati ule wa kwanza bado unafungua.